Nesi Aliyezima Baridi ya Serikali

Palikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi hazifi haraka kama watu wake. Msiniulize njia ya kufika huko. Mwenye pua ataijua. Iliitwa Jamhuri ya Kitulizo, na raia wake walikuwa wametulia kwelikweli, hasa wale waliokwisha kuzikwa.

Joto lilipoanza kupanda Kitulizo, visima vikakauka na wazee wakaanza kudondoka kwenye foleni za pensheni, Serikali haikukaa bure. Bunge lilipitisha Sheria ya Ukomo wa Joto, iliyoikataza hewa kuzidi nyuzi thelathini. Vipimajoto vyote nchini vilikusanywa vikakatwa vichwa. Vya hospitali navyo havikusalimika, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyepata homa kihalali. Jalala kuu la mji, ambako matairi na nyaya vilichomwa mchana kutwa, liliitwa Bonde la Manukato kwa amri ya Rais. Na neno saratani, ambalo lilikuwa likiwatia watu hofu bila faida yoyote kwa uchumi, likafutwa kwenye lugha rasmi. Mahali pake pakawekwa "kivimbe cha mpito." Tuseme haki, jina hilo halikudanganya: wengi waliokuwa nacho walipita.

Nesi Siwatu alifanya kazi katika Hospitali ya Taifa ya Vivimbe vya Mpito, iliyojengwa ng'ambo ya barabara tu kutoka Bonde la Manukato ili wagonjwa wasisumbuke na nauli. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na vidole vilivyojua kuutafuta mshipa hata kwenye mkono uliokauka kama kuni. Mume alikwisha kumwacha akidai kwamba ananuka dawa. Alibaki na binti mmoja, Tausi, fundi cherehani. Manesi wenzake walikuwa wamekwenda ughaibuni kuwaogesha wazee wa watu kwa mshahara unaoeleweka. Siwatu hakwenda. Wala haukuwa uzalendo, aliogopa ndege.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bi. Kidawa, ambaye tangu usichana wake alichoma nyaya Bondeni ili apate shaba iliyo ndani yake. Titi lake la kushoto lilikuwa limegeuka jiwe, lakini ulimi ulibaki vilevile.

"Nesi," aliuliza asubuhi moja, moshi ukipepea ndani kama shemeji asiyebisha hodi, "hili tairi la leo ni la nini?"

"Mimi nitajuaje, Bi. Kidawa? La trekta."

"Trekta! Wewe hujawahi kula tairi. Hili la basi. La trekta lina kautamu kwa mbali."

Akacheka, akakohoa, Siwatu akamshikia beseni.

Lakini palikuwa na jambo jema. Dawa mpya ya dripu ilikuwa imemkubali. Jiwe lilianza kulainika, na daktari alisema kwa kunong'ona, kwa kuwa matumaini yalihitaji kibali cha Wizara, kwamba akimaliza dozi zilizobaki atampakata mjukuu aliyekuwa njiani. Dawa ile ilikuwa na sharti moja tu: ikae kwenye baridi. Ilikaa katika friji la wodi, na friji lile liliishi kwa jenereta la hospitali, maana umeme wa taifa ulikuwa umechukua likizo ya ugonjwa.

*

Mwaka huo Kitulizo ilipewa heshima ya kuandaa Kongamano la Dunia la Tabianchi, Afya ya Mazingira na Wajibu wa Nesi katika Tiba ya Vivimbe. Hema kubwa jeupe lilisimamishwa kwenye uwanja wa gwaride. Sasa, wageni wa kimataifa hawawezi kulijadili joto wakiwa ndani ya joto. Hiyo ingekuwa kuwashawishi. Vikaagizwa viyoyozi. Viyoyozi vikaomba umeme.

Ndipo Waziri wa Hali ya Hewa Njema, Mheshimiwa Profesa Daktari Balthazari Mkunde, alipofika hospitalini na lori, brasibendi na wapiga picha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya asali, na alipenda kuongea na wagonjwa kwa kuwa hawakuweza kuondoka.

"Ndugu wagonjwa wapendwa!" alitangaza katikati ya wodi. "Mataifa mengine yanaipoza dunia kwa kupanda miti. Sisi tutaipoza kwa moyo! Jenereta lenu linakwenda kuhudumu mbele ya mataifa. Historia itaandika kwamba ninyi, mkiwa mmelala chali, mliipa dunia baridi!"

Wagonjwa waliamriwa wapige makofi. Wasioweza, manesi waliwashika viganja na kuvigonganisha.

Siwatu hakugonganisha mtu. Alisogea mbele, akakunja goti kidogo kama desturi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani, friji la dawa linategemea jenereta hilo hilo. Dawa zikipata joto, zimekufa."

"Nesi mpendwa," Waziri alisema, na wapiga picha wakasogea, "hewa ya nchi hii inazidi nyuzi thelathini?"

"Inazidi sana, baba."

"Kisheria, nesi. Kisheria."

Siwatu akaligeukia friji.

"Basi dawa zako ziko salama kisheria." Akampigapiga begani, akageuka. "Tunawaazima tu! Mkutano ukiisha linarudi."

Brasibendi ikapiga wimbo wa taifa, jenereta likapanda lori. Feni za wodi zikazunguka mara kadhaa kwa mazoea, kisha zikasimama.

*

Siwatu alikimbilia soko la samaki. Alinunua mabonge ya barafu yaliyonuka ngisi, akayapanga ndani ya friji kuzizunguka chupa za dawa. Adhuhuri barafu ilikuwa maji. Akarudi sokoni. Muuza samaki akamwambia, "Mama, hata samaki wangu leo wanakufa mara ya pili." Barafu haikuwapo tena mjini, yote ilikuwa imepelekwa hemani kwa ajili ya juisi za wajumbe.

"Nenda kalichukue jenereta letu," Bi. Kidawa alimwambia. Uso wake ulikuwa umekauka jasho, na hiyo ni dalili ambayo nesi haipendi. "Wakikuuliza umetumwa na nani, waambie na mwenye titi."

Siwatu alikwenda na sare yake nyeupe, bila kubadili hata viatu. Mlangoni pa hema alitegemea kufukuzwa. Badala yake askari akampigia saluti, na kijana mmoja mwenye tai akamdaka mkono.

"Alhamdulillahi, nesi! Ratiba ina mada ya Wajibu wa Nesi, na tumesahau kualika nesi!"

Ndani ya hema palikuwa na baridi ya kutoa machozi. Wajumbe walikuwa wamevaa makoti na skafu. Wengine walikuwa wakisugua viganja na kuulizana kama hili suala la joto halijatiwa chumvi. Siwatu akapandishwa jukwaani, akapewa maiki, na picha yake ikatokea ukutani akiwa mkubwa kama nyumba.

"Mimi sina mada," alisema, na sauti yake ya kukwaruza ikazunguka hema lote. "Ninaitwa Siwatu, ni nesi. Wodi yangu ina wanawake waliovuta moshi wa jalala maisha yao yote, na sasa wana saratani. Dawa yao inaharibika sasa hivi, tukiwa tunaongea, kwa sababu jenereta letu liko nyuma ya hema hili likiwapulizia ninyi. Naomba mnirudishie. Sina lingine. Naomba jenereta."

Mjumbe wa mbele, mama mmoja mwenye shanga nyingi, akatoa leso na kulia. Hema zima likasimama na kushangilia. Mmoja alisema hajawahi kusikia jenereta likitumiwa kama sitiari kwa uzito ule. Mwingine akapendekeza kiundwe kikosi kazi. Waziri Mkunde alimkumbatia Siwatu mbele ya kamera, akamnong'oneza sikioni bila kulegeza tabasamu, "Umesema lile neno. Tutaonana."

Siwatu akashuka. Hakuna aliyemzuia, kila mtu alitaka kumpisha njia shujaa. Akalizunguka hema, akalikuta jenereta likinguruma kwenye kivuli, limevikwa maua. Alilijua; alikuwa akiliwasha mwenyewe kila umeme ulipokatika. Akanyoosha mkono, akalizima.

Jua la Kitulizo, ambalo halikuwa limealikwa, likaingia hemani. Lile hema lilikuwa la plastiki, halina dirisha, na lilikuwa limefungwa zipu ili baridi isitoroke. Wajumbe walihangaika na vifungo vya makoti. Mama mwenye shanga akazimia juu ya kikosi kazi. Watu wakapigana mieleka mlangoni, na Waziri wa Hali ya Hewa Njema akatoka kwa kupasua turubai kwa kisu cha keki, amelowa, mwekundu, akipiga yowe ambalo vyombo vya habari baadaye vilieleza kuwa ni kaulimbiu.

Siwatu alikamatwa akijaribu kulisukuma jenereta peke yake kuelekea hospitalini. Lilikuwa halijasogea hata hatua moja.

*

Alishtakiwa kwa hujuma dhidi ya hali ya hewa, na kwa kutamka neno lililofutwa.

Kesi ilisikilizwa katika chumba kidogo kilichojaa watu. Jenereta lililetwa mahakamani kama Kielelezo Namba Moja, na kwa kuwa sheria inataka kielelezo kihifadhiwe katika hali kiliyokuwa nayo kabla ya kosa, na kabla ya kosa kilikuwa kikitoa baridi, liliunganishwa na kiyoyozi kilichoelekezwa kwa hakimu. Hakimu aliipenda kesi hiyo. Aliiahirisha kila mara, kisha akaiahirisha tena, na kesi nyingine zote akazileta chumba hicho hicho.

Bi. Kidawa aliletwa kwenye machela awe shahidi wa upande wa mashtaka. Dawa zake zilikuwa zimekwisha kumwagwa, na jiwe la titini lilikuwa limerudi na ndugu zake hadi kwapani. Machela iliwekwa karibu na Kielelezo.

"Shahidi," mwendesha mashtaka aliuliza, "siku jenereta lilipochukuliwa, ulisikia joto lolote?"

Bi. Kidawa alikuwa amefumba macho, upepo baridi ukimpitia usoni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionekana mtu aliyestarehe.

"Swali zuri sana," alijibu polepole. "Linahitaji kufikiriwa. Mheshimiwa Hakimu, naomba uahirishe, niletwe tena kesho."

Watu wakacheka, hata hakimu akacheka, akaahirisha. Siwatu, kizimbani, hakucheka. Alikuwa akiziangalia kucha za Bi. Kidawa zilizogeuka buluu, na kucha zilikuwa zimekwisha kumwambia.

"Wasikupe chai tu na kukuacha," alimwambia kwa sauti machela ilipopitishwa mbele yake. "Waambie wakupe dawa ya maumivu kabla hayajaanza, si baada. Unanisikia, Bi. Kidawa? Kabla."

"Nitawaambia," alisema Bi. Kidawa. "Wewe jiangalie, mwanangu. Hawa hawana hata titi."

Hakuletwa tena. Mahakama ilirekodi kwamba shahidi ameshindwa kuhudhuria bila kutoa taarifa. Siwatu aliipata habari kwa kusikia hakimu akilisoma jina lile kwa kunung'unika. Alisimama wima mpaka mwisho wa kikao, mikono imeshika ukingo wa kizimba, akiwaza ni nani aliyemfumba macho, na kama alikuwa mtu anayejua kufanya hivyo taratibu.

Hukumu ilisema kwamba kwa mujibu wa sheria hemani hapakuwa na joto, kwa hiyo waliozimia walizimia kwa furaha. Lakini mshtakiwa alikuwa na nia ya kusababisha joto ambalo halipo, na nia ya kusababisha kisichokuwapo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Alipewa miaka saba. Jenereta liliamriwa libaki mahakamani endapo atakata rufaa.

*

Gereza la wanawake lilikuwa upande wa pili wa Bonde la Manukato, upepo unakoelekea. Siwatu alikaa huko akishona magunia na kumeza moshi. Kila Ijumaa Tausi aliruhusiwa kusimama nje ya uzio na kupunga kanga.

Mwaka wa tatu, Waziri Mkunde akaugua.

Kila mwaka, kwenye sherehe za Siku ya Bonde, Mheshimiwa alikuwa na desturi ya kupanda juu ya lundo la matairi yanayowaka na kuvuta moshi kwa pua zote mbili mbele ya kamera, kuwaonyesha wananchi usivyo na madhara. Alivuta kwa moyo, kama alivyofanya kila kitu. Kwanza sauti ya asali ilikauka. Kisha akawa anakohoa leso nyekundu. Alipelekwa ughaibuni kwa siri, na madaktari wa huko wakamfungua, wakatazamana, wakamfunga, wakampa ndege ya kurudi. Nyumbani akataka nesi anayeijua kazi hiyo. Wakatafuta nchi nzima. Waliobaki walijua kupiga makofi tu.

Basi Rais, kwa huruma yake isiyo na mipaka, akatoa msamaha. Msamaha ulikuwa na sharti dogo, na mkuu wa gereza alimfafanulia Siwatu vizuri, maana alikuwa mtu mstaarabu.

"Umesamehewa ili umuuguze. Maadamu yupo wa kuuguzwa, wewe ni raia huru, unalala kwako na binti yako. Asipokuwapo, sababu ya msamaha inakuwa haipo. Umenielewa, nesi?"

"Nimeelewa, afande."

"Kwa hiyo mtunze."

Na kweli alimtunza. Alimwosha, alimgeuza mgongo usichubuke, alimlisha uji kwa kijiko kidogo, alimpa dawa ya maumivu kabla maumivu hayajaanza. Jioni alikwenda nyumbani, akala na Tausi, akalala kitanda kimoja naye kama alipokuwa mtoto. Tausi alikuwa akimshika mama yake mkono hata usingizini. Asubuhi alimfungia kifungua kinywa na kumwuliza swali lile lile, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna waziri aliyewahi kuombewa uhai kwa dhati kama yule, na aliyemwombea alikuwa mshona nguo aliyemchukia.

Madaktari wa kigeni walileta dripu mpya, kali. Kila dripu ilimchoma Waziri midomo na utumbo, ikamtapisha siku kucha, na haikupunguza chochote. Lakini ilimsukuma mbele kidogo, kama punda mwenye mzigo anavyosukumwa kwa fimbo. Siwatu aliitundika mwenyewe. Aliijua kazi ya dripu ile: ilikuwa ikimnunulia yeye siku za kulala nyumbani kwa maumivu ya mtu mwingine.

Alasiri moja Waziri akamshika mkono. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Nesi. Hawa wananiambia ninaendelea vizuri. Mke wangu, madaktari, Rais. Wewe niambie kweli. Si ndiyo uliyofungiwa?"

"Mheshimiwa, nikikwambia unajua mimi ninarudi wapi."

"Hilo nitalishughulikia. Kesho. Nitampigia Rais mwenyewe."

Siwatu alimtazama. Alijua kesho ya mtu huyu ilivyo. Akaitazama dripu, akamfikiria Tausi akimfungia kifungua kinywa.

"Dawa hii haikusaidii," alisema. "Inakutesa tu. Ukiniambia nitoe, nitatoa, na maumivu nitayaweza. Hutakaa sana, lakini utakaa vizuri."

Waziri akalia bila sauti. Baadaye akauliza, "Ni ule moshi?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelinoa gerezani kwa miaka mitatu juu ya magunia, likawa kali la kumkata mtu bila damu: kwamba Bi. Kidawa alikufa kwa moshi, lakini yeye Mheshimiwa, kisheria, anakufa kwa manukato. Akafungua mdomo. Chini yake palikuwa na uso wa mgonjwa, mifupa na macho, kama nyuso zote alizowahi kuzifuta jasho.

"Tulia," akasema. "Hebu nikugeuze."

Akaitoa dripu.

Waziri aliishi siku chache nzuri. Hakulia maumivu. Alikula kipande cha papai na kulisifia. Simu kwa Rais hakupiga. Alisema atapiga akipata nguvu. Nguvu aliyoipata aliitumia kuwaita waandishi wa habari kitandani. Alipofariki, Siwatu akamfumba macho taratibu, akamfunga kidevu, akamwosha, na redio ikasoma taarifa ya Serikali:

"Marehemu amefariki kwa uchovu wa kulitumikia taifa. Uvumi kuhusu moshi upuuzwe. Kama marehemu mwenyewe alivyothibitisha, hata nesi aliyemuuguza, mtaalamu aliyebobea, aliulizwa ana kwa ana na hakutaja moshi."

Karandinga lilikuwa limekwisha kuegeshwa mlangoni. Walimpa muda wa kunawa mikono.

*

Getini mwa gereza alipokelewa na Afande Mwajabu, mwanamke mwenye umbo la kabati, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakagua wafungwa wanaoingia. Alimwingiza kwenye kijichumba cha upekuzi, akachungulia nje, akafunga mlango kwa komeo. Kisha, badala ya kumpekua, akaanza kufungua vifungo vya gwanda lake mwenyewe.

"Nesi, hebu nishike hapa kwanza," alisema, macho yakitazama ukuta. "Kipo tangu mwezi wa Ramadhani. Hakiumi, ndiyo maana nikasema si kitu. Nimekaa nikisubiri urudi."

"Ulijua nitarudi?"

"Sote tulijua."

Siwatu akasugua viganja vipate moto. Akaweka vidole, akaanza nje akija ndani, kwa duara, bila haraka. Vikasimama. Akapitisha kwapani, huko navyo vikasimama. Kupitia dirisha lenye nondo moshi wa Bondeni uliingia mweusi, ukatua mabegani mwao wote wawili.

"Inaelekea ni saratani," Siwatu alisema. "Na ni moshi. Moshi ule pale. Mtu asikwambie kingine. Nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje mshahara, usingoje ruhusa. Waambie wakukate kipande wapime. Wakikataa, kaa chini sakafuni usiondoke."

"Hospitali hakuna nesi," alisema Afande Mwajabu.

"Hayupo."

"Na wewe una minne imebaki."

"Minne."

Afande akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, akavaa kofia, akakohoa kidogo kusafisha koo, na sauti ya kazi ikarudi.

"Haya," alisema. "Sasa inua mikono juu, nikupekue."